Kutoka Daftari hadi Seva: Amana, Faragha na Kumbukumbu za Wakimbizi wa Nakivale, 1958–2022

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya uandikishaji wa wakimbizi katika makazi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, tangu enzi ya daftari la ofisi ya makazi hadi enzi ya alama za vidole na picha za mboni zinazohifadhiwa katika seva zilizo nje ya nchi. Hoja yake ni kwamba mashaka ya wakimbizi kuhusu kuandikwa hayatokani na ugeni wao katika teknolojia, bali na kumbukumbu ya yale ambayo orodha zimewahi kutenda. Sambamba na hilo, makala inachunguza maneno ya Kiswahili ambayo kwayo shughuli hiyo huelezwa, hususan amana, siri, faragha na ridhaa.

Utangulizi

Barabara itokayo Mbarara kuelekea kusini, yenye urefu wa takriban kilomita 74, hukomea Kikagate kwenye Mto Kagera. Ng'ambo ya mto ni Murongo, Tanzania. Baadhi ya ramani huandika Kikagati, na tofauti hiyo ndogo ya irabu inafaa kutajwa mapema, kwa kuwa katika ukanda huu herufi moja ya jina, la mahali au la mtu, imewahi kuwa na matokeo makubwa. Watu wa kingo zote mbili za mto huelewana bila mkalimani: Kinyambo cha Karagwe na Kinyankole cha Mbarara ni lugha ndugu, na koo zimeoana tangu kabla ya mpaka kuchorwa. Hivyo swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni halijawahi kujibiwa kwa sikio peke yake. Limejibiwa kwa karatasi.

Katika ukanda huohuo, ambao leo ni Wilaya ya Isingiro, yamo makazi mawili ya zamani ya wakimbizi, Oruchinga na Nakivale. Nakivale ilianza mwaka 1958 na kutangazwa rasmi katika gazeti la serikali mwaka 1960. Wakazi wake wengi wa mwanzo walikuwa Watutsi waliokimbia machafuko yaliyoanza Rwanda Novemba 1959. Baadaye walifuata Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na tena Wanyarwanda wa vipindi vingine. Leo Wakongo ndio wengi, na Kiswahili, hasa kile cha Kivu, ndicho daraja kati yao na majirani zao. Mkimbizi anapoelezwa kwa nini vidole vyake vinawekwa juu ya kioo cha mashine, mara nyingi huelezwa kwa Kiswahili. Kwa sababu hiyo historia ya faragha Nakivale ni pia historia ya maneno.

Orodha kabla ya mashine

Wazo la kumfunga mtu na alama ya kidole chake si geni Afrika Mashariki. Nchini Kenya, sheria ya usajili wa wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimu wanaume Waafrika kuvaa kipande shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, na ndani ya karatasi hiyo zilikuwamo alama za vidole. Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya kuhesabia siku za kazi shambani. Neno lilivuka mipaka, hata Kiganda kikalichukua kama ekipande. Yafaa kuzingatia kwamba jina hilo halikusema lolote kuhusu utu wa mbebaji: ni kipande tu, sehemu ya kitu kizima ambacho kimebaki ofisini. Linganisha na indangamuntu ya Kinyarwanda na ndaga muntu ya Uganda, majina ya vitambulisho vya taifa yenye maana ya kinachomwonyesha mtu. Kinamwonyesha kwa nani, jina halisemi.

Wanyarwanda waliofika Nakivale walikuwa na somo lao wenyewe. Utawala wa Kibelgiji uliwapa katika miaka ya 1930 vitambulisho vilivyotaja kabila la mwenye nacho. Kwa miaka sitini neno moja katika karatasi hiyo liliamua shule na ajira. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, liliamua nani auawe. Aliyeliandika neno hilo mara ya kwanza hakuwa na nia ya mauaji, na jambo hilo ndilo lenye uzito katika mjadala wa leo kuhusu hifadhi ya taarifa. Madhara ya orodha hayategemei nia ya mwenye kuikusanya; hutegemea nani ataishika baadaye.

Wakongo wametoka katika hali iliyo kinyume. Sensa ya mwisho ya nchi yao ilifanyika mwaka 1984, na kwa muda mrefu kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa ikitumika badala ya kitambulisho. Kwa mtu aliyezaliwa vijijini Masisi au Fizi, siku ya kuandikishwa Nakivale huenda ndiyo siku ya kwanza ambayo jina lake, picha yake, wazazi wake na tarehe yake ya kuzaliwa viliwekwa pamoja na mamlaka yoyote. Kwa maana hiyo ukimbizi humpa mtu uraia wa maandishi kabla hajaupata kwao.

Nchini Uganda, sheria ya kwanza iliyohusika ilikuwa ya mwaka 1960, na jina lake lilitaja udhibiti wa wageni wakimbizi. Ilimtaka mkimbizi awe na kibali na akae mahali alipopangiwa. Daftari lilikaa katika ofisi ya mkuu wa makazi: lilikuwa na makosa, lilirudufu majina, lilipotewa na kurasa. Lakini kila mtu alijua lilipo na ni nani anayelishika. Mtu aliyetaka jina lirekebishwe alijua mlango wa kubisha.

Udhaifu wa daftari hilo ulidhihirika Oktoba 1982, pale Wanyarwanda wa Mbarara walipofukuzwa makwao kwa ushiriki wa maofisa wa wilaya na vijana wa chama tawala cha UPC. Makumi ya maelfu walisukumwa kuelekea Rwanda au kuingizwa katika makazi ya wakimbizi. Miongoni mwao walikuwamo raia wa Uganda ambao hawakuwahi kuwa wakimbizi hata siku moja, na wengine ambao mababu zao walikuwapo Ankole kabla mpaka haujawekwa. Kwao tatizo lilikuwa ukosefu wa maandishi yanayoaminika. Mtafiti anayeandika juu ya faragha pekee, asiutaje mwaka 1982, atakuwa amesimulia nusu ya habari: kuna nyakati ambapo kutoandikwa ndiko hatari.

Nakivale, Julai 2010

Tarehe 14 Julai 2010 ndiyo inayoeleza vema zaidi kwa nini Wanyarwanda wa Nakivale husita wanapoitwa kwa majina. Siku hiyo, katika Nakivale na Kyaka II, zaidi ya watu 1,700 walipakiwa kwenye malori na kurudishwa Rwanda kwa nguvu katika operesheni ya pamoja ya serikali hizo mbili. Kwa mujibu wa taarifa za mashirika ya haki za binadamu, watu walikuwa wameambiwa wakusanyike ili waelezwe matokeo ya maombi yao ya hifadhi. Walipokwisha kukusanyika, walizingirwa na askari wenye silaha. Watu wawili walifariki baada ya kuruka kutoka kwenye malori. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lililaani operesheni hiyo hadharani.

Hakukuwa na mashine ya kisasa katika tukio hilo wala hakuna aliyedukua kitu. Kilichotumika ni wito, ambao nguvu yake ilitokana na faili: mtu alikwenda kwa sababu alikuwa ameomba hifadhi, na ombi lake lilikuwa mikononi mwa waliomwita. Taarifa aliyoitoa ili alindwe ndiyo iliyomfikisha kwenye lori. Wataalamu wa ulinzi wa taarifa huliita jambo hili matumizi nje ya lengo la awali, na sera zote za leo hulikataza. Nakivale ilikuwa na tukio kabla ya kuwa na istilahi.

Kisha likaja suala la tarehe. UNHCR ilipendekeza kwamba hadhi ya ukimbizi kwa Wanyarwanda waliokimbia kati ya 1959 na 1998 ikomeshwe kufikia tarehe 30 Juni 2013, ingawa uamuzi ulibaki kwa kila nchi na Uganda haikuutekeleza wakati huo. Papo hapo mwaka wa kuwasili, ambao karani aliuandika kwa kukadiria tu, uligeuka kuwa mpaka kati ya kubaki na kurudishwa. Mtu aliyeandikwa 1998 na mwenzake wa 1999 walikuwa wamelala usiku mmoja kandokando ya ziwa moja.

Mashine na imani ya mfadhili

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 UNHCR ilitumia programu iitwayo proGres kuandikisha wakimbizi. Matoleo yake ya awali yalihifadhi taarifa katika kompyuta za ofisi ya eneo husika. Toleo la nne lilihamishia hifadhi katika mfumo mmoja wa kati unaofikiwa kwa intaneti. Kuanzia mwaka 2015 uliongezwa mfumo wa alama za mwili unaochukua vidole vyote kumi, mboni mbili na picha ya uso, na kanzidata yake kuu iko Geneva. Uganda kwa upande wake ilikuwa na mfumo wake chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Kilichoiunganisha mifumo hiyo ni kashfa. Mapema mwaka 2018 yalijitokeza madai kwamba idadi ya wakimbizi ilikuwa imeongezwa, na maofisa waandamizi katika idara ya wakimbizi wakasimamishwa kazi. Wafadhili walidai majibu. Kuanzia Machi hadi Oktoba 2018 serikali na UNHCR waliendesha uhakiki wa nchi nzima kwa alama za mwili. Idadi iliyokuwa ikitajwa, takriban milioni 1.4, ilishuka hadi takriban milioni 1.1. Mbarara, yenye ofisi za pande zote mbili zinazosimamia makazi ya kusini-magharibi, ilikuwa kitovu cha kazi hiyo katika ukanda huu.

Ni vigumu kuupinga uhakiki huo kwa misingi ya uadilifu. Chakula kilichoandikwa kwa jina la mtu asiyekuwapo kiliibwa kutoka kwa mtu aliyekuwapo. Mjane aliyepoteza karatasi yake ya familia anaweza kutambuliwa kwa kidole na akapata mgao wake bila kumwomba mtu ushahidi. Hata hivyo chanzo cha mageuzi hayo kinapaswa kusemwa waziwazi: mashine ililetwa kutibu imani ya mfadhili kwa orodha. Imani ya mkimbizi kwa mtunza orodha haikuwa ajenda. Aliyeshukiwa kudanganya alikuwa karani na ofisa, lakini aliyetakiwa kuthibitisha kwamba yupo, kwa mwili wake, ni mkimbizi.

Aidha, alama za mwili zina tabia ambayo karatasi haina. Kadi ikiibwa hutolewa nyingine, na neno la siri likivuja hubadilishwa. Kidole hakibadilishwi. Kaskazini-mashariki mwa Kenya, maelfu ya raia wa asili ya Kisomali waliojiandikisha katika kambi za Dadaab nyakati za ukame ili wapate chakula walijikuta miaka mingi baadaye wakinyimwa kitambulisho cha taifa, kwa kuwa vidole vyao vilikuwa tayari katika kanzidata ya wakimbizi. Mtoto aliyeandikwa na mzazi wake kwa ajili ya mgao wa chakula alifikia utu uzima akiwa mgeni katika nchi yake. Wakazi wa Kikagate, ambako mwenyeji na mkimbizi huuza ndizi katika soko moja, wana sababu ya kuutazama mfano huo kwa makini.

Maneno ya shughuli

Katika Kiswahili cha pwani na katika fikra za Kiislamu zilizokilea, amana ni kitu ambacho mtu humkabidhi mwenziwe akitunze, na ambacho mwenyewe ana haki ya kukidai wakati wowote. Mtunzaji haruhusiwi kukitumia, wala kumkabidhi mtu wa tatu bila idhini. Benki zimelihifadhi neno hili kwa fedha za wateja. Lina sehemu tatu: mwekaji, mtunzaji na uwezekano wa kurudishiwa. Tukiupima uandikishaji wa Nakivale kwa kigezo hiki, mwekaji yupo. Mtunzaji yupo, lakini ni wengi: shirika, serikali, mgawaji wa chakula, na kampuni zinazouza na kuhudumia mifumo. Uwezekano wa kurudishiwa umetajwa katika sera ya UNHCR ya mwaka 2015, inayompa mhusika haki ya kuomba kuona taarifa zake, kuzirekebisha au kuzifuta. Ni haki ya kuomba. Mwenye amana haombi, hudai.

Faragha ni neno la njia nyingine. Asili yake ya Kiarabu inahusu utupu na nafasi, na matumizi yake ya zamani ni ya mahali pa kukaa peke yako. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, imelipa sura ya kisheria. Na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2022 ikachagua kusema ulinzi wa taarifa binafsi. Nakivale, ambako familia hujibu maswali mezani huku foleni ikiwa nyuma yao, faragha kwa maana ya nafasi ni adimu. Neno linaloeleweka zaidi ni siri. Lakini siri ina kivuli: mwenye siri huenda ana jambo baya analolificha. Ofisa anaposema taarifa zako zitakuwa siri, msikilizaji anaweza kusikia kwamba taarifa zake ni za aina inayohitaji kufichwa.

Gumu zaidi ni ridhaa. Ni neno la wanasheria na la ndoa, nadra katika mazungumzo ya Kiswahili cha Kivu, ambako watu husema kukubali au kuitika. Kuitika asili yake ni kujibu unapoitwa, na huko Kongo ya Mashariki hubeba pia maana ya kukubali na kusadiki. Anayeulizwa kama ameitika, baada ya kuitwa jina lake kwenye foleni ya chakula, ameulizwa swali lenye jibu ndani yake. Sera ya 2015 yenyewe haikuifanya ridhaa kuwa msingi pekee wa kukusanya taarifa. Utekelezaji wa mamlaka ya shirika ni msingi mwingine unaotosha. Ingekuwa uaminifu zaidi, na Kiswahili bora zaidi, kumwambia mtu kwamba taarifa hizi zinachukuliwa kwa sababu fulani na kwa mamlaka fulani, kuliko kumwomba idhini ambayo hawezi kuinyima bila kulala njaa.

Seva iko wapi, na sheria iko wapi

Matukio mawili ya nje yanaonyesha kwamba umbali wa mtunzaji si kinga. Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kwamba taarifa za Warohingya zilizokusanywa Bangladesh na UNHCR pamoja na serikali zilikabidhiwa na Bangladesh kwa Myanmar, nchi waliyoikimbia, majina yasiyopungua 830,000, na kwamba wengi waliohojiwa hawakuwa wamefahamishwa hivyo. UNHCR ilieleza kwamba wahusika waliulizwa. Pande zote mbili zinabishana kuhusu swali lililoulizwa na lugha iliyotumika, yaani jambo lilelile la kuitika.

Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba seva zenye taarifa za zaidi ya watu 515,000, kutoka vyama visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, zilikuwa zimevamiwa. Zilikuwa taarifa za waliopotea na waliotengana na jamaa zao, ambazo watu huzitoa kwa imani kubwa kuliko zote: jina la mtoto, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Seva hizo zilihifadhiwa Uswisi na kampuni iliyoajiriwa kwa kazi hiyo. Mifumo ilizimwa, na kazi ya kuunganisha familia ikapungua kasi kwa watu ambao hawakujua kwamba majina yao yalikuwa Uswisi.

Kwa upande wa sheria, Uganda ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha mwaka 2019, nayo imejengwa juu ya ibara ya 27 ya Katiba ya 1995, inayomlinda kila mtu bila kuuliza uraia. Kifungu cha kwanza cha sheria hiyo, hata hivyo, kinaweka tofauti inayostahili kusomwa polepole. Ndani ya Uganda, sheria inamhusu yeyote anayekusanya au kuhifadhi taarifa binafsi. Nje ya Uganda, inamhusu yule anayeshughulikia taarifa za raia wa Uganda. Mkimbizi wa Nakivale analindwa, basi, maadamu taarifa zake ziko Kampala au Mbarara. Zikivuka kwenda katika seva ya mbali, kifungu hicho kinamwacha. Ndiye mtu ambaye taarifa zake zina uwezekano mkubwa zaidi wa kuvuka.

Pengo hili limepanuka tangu Agosti 2019, mamlaka ya mawasiliano ya Uganda iliporuhusu wakimbizi kusajili laini za simu kwa karatasi za familia. Ulikuwa ushindi halisi, kwani bila laini hakuna pesa za simu, na misaada mingi sasa hulipwa kwa njia hiyo. Lakini kwa uamuzi huo namba ya kaya iliungana na namba ya simu na kumbukumbu za malipo, nazo zinatunzwa na kampuni ambazo nazo huajiri wahifadhi wa mbali.

Rekebisho la kifungu ni dogo kimaandishi. Sheria ya Kenya ya mwaka huohuo wa 2019 inamfikia anayeshughulikia taarifa akiwa nje, ikiwa mwenye taarifa yupo Kenya, awe raia au asiwe. Bunge la Uganda likichukua maneno ya aina hiyo, kampuni za mbali zitakuwa na mtu wa kumjibu. Umoja wa Mataifa utabaki nje: Mkataba wa Haki na Kinga wa mwaka 1946 unasema kumbukumbu zake haziguswi popote zilipo, na kinga hiyo, ambayo humlinda mkimbizi dhidi ya serikali iliyomfukuza, ndiyo hiyohiyo inayomzuia kuipeleka Geneva mahakamani Mbarara. Njia aliyobakiwa nayo ni kuandika barua kwa mtunzaji yuleyule, na hapo swali la kwanza la vitendo ni kama barua hiyo itapokelewa, kusomwa na kujibiwa kwa Kiswahili.